Sungura Si Mjinga, Ako na Historia

Wacha nianze na kitu kitakera watu wengine. Yule sungura wa hadithi za shosho, mwenye alikuwa anamchezea fisi na simba akili, na yule sungura ako kwa kizimba cha waya nyuma ya ploti yenu, si mnyama mmoja. Yule wa hadithi ni wa mbugani kwetu. Analala juu ya ardhi, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, karibu tayari kukimbia. Yule wa kizimba asili yake ni Ulaya. Yeye huchimba mashimo, huishi na wenzake, na watoto wake huzaliwa uchi kabisa, macho yamefungwa. Kiswahili kiliwapatia jina moja tu, na sisi tukadhani ni mtu mmoja.

Hapo ndipo dharau inaanzia. Tulikua tukiambiwa sungura ni mjanja. Halafu unaona huyu wa kizimbani amekaa tu, anatafuna, anakuangalia kama mtu amengoja matatu ya saa tisa usiku. Unaamua: huyu ni mjinga, hana akili, hana hata tabia, ni nyama yenye masikio. Nimesikia hiyo maneno kwa watu wazima, kwa watoto wa mtaa, na kwa wasee wenzangu wa kutengeneza video.

Mimi nafuga sungura juu ya ghorofa Eastlands tangu nitoke campo. Nilitoka mwaka wa pili, na hiyo ni story ya siku ingine. Lakini muda nilikuwa nikipewa notsi za kukariri, sasa nasoma vitu vyenye nimejichagulia, na kitu kimoja nimesoma sana ni historia ya hawa wanyama wadogo: sungura, simbilisi, hamsta. Na hoja yangu ni hii: tabia ya mnyama mdogo wa nyumbani haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa. Ukijua ilivyotengenezwa, huwezi kumfuga vile ulikuwa unamfuga.

Mgeni kutoka Uhispania

Sungura wote wa kufugwa duniani, kuanzia yule mweupe wa macho mekundu hadi yule wa masikio ya kulala, wanatoka kwa spishi moja, Oryctolagus cuniculus. Nyumbani kwake asili ni Uhispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Kuna maelezo moja napenda sana kuhusu jina la Uhispania lenyewe. Wafoinike, wale wafanyabiashara wa baharini kutoka pande za Lebanoni ya leo, walipofika huko miaka karibu elfu tatu iliyopita, walikuta kanyama kadogo ka kahawia kila mahali. Kwao hakakuwepo. Kitu kilichofanana nako ni pimbi, huyu huyu pimbi wetu mwenye unamwona akiota jua kwa mawe Hell's Gate. Wasomi wengine wanaamini nchi ikaitwa kwa lugha yao kitu kama "nchi ya pimbi", na Warumi wakaligeuza likawa Hispania. Wasomi wengine wanabisha. Lakini cheki vile kosa la Wafoinike linafanana na letu: umeona mnyama mgeni, umempa jina la mwenye unamjua, basi umemaliza kumfikiria.

Warumi waliwaweka kwa maboma yenye kuta. Mwandishi wao Varro, karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza jinsi ya kuwatunza. Hapo hatuzungumzii urafiki. Ni stoo ya nyama yenye miguu.

Halafu kuna hadithi moja mashuhuri kwenye intaneti na hata kwa vitabu: ati mwaka wa 600 hivi, Papa Gregory alitangaza kwamba vitoto vya sungura si nyama, kwa hivyo watawa wakaruhusiwa kuvila wakati wa Kwaresima, na hivyo ndivyo sungura alianza kufugwa. Hadithi tamu, lakini haina miguu. Mwaka wa 2018 watafiti walifuatilia chanzo chake na hawakupata tangazo lolote la Papa. Walipata kwamba mtu mwingine kabisa, Gregory wa Tours, aliandika kuhusu bwana mmoja aliyekula sungura wachanga wakati wa mfungo. Majina yakachanganywa, watu wakakopi, wakapaste, karne kadhaa baadaye ikawa ukweli. Wenye walisema feki nyus ilianza na WhatsApp, poleni.

Ukweli hauna siku moja ya kusherehekea. Kufugwa kwa sungura kulikuja polepole: Warumi na maboma, mabwana wa Ulaya ya kati na mashamba yao ya sungura, halafu vizimba, halafu nyumba. Uingereza walipelekwa karne ya 12, na walikuwa dhaifu hadi watu wakawarundikia vilima vya udongo laini ili wapate pa kuchimba. Nyama na ngozi yao ilikuwa ya wenye pesa. Maskini akikamatwa akiwawinda, kesi inamngoja. Ni mpaka karne ya 19 ndipo watu wengi walianza kumfuga kwa sababu tu ni mrembo, na kumpeleka kwa maonyesho kushindania masikio.

Woga ulivyopunguzwa

Sasa tuingie kwa kichwa cha sungura.

Charles Darwin aliona kitu cha ajabu. Mtoto wa sungura wa mwituni, alisema, ni kati ya wanyama wagumu zaidi kuzoesha. Mtoto wa sungura wa nyumbani ni kati ya walio wapole zaidi. Spishi ni moja, damu ni moja, tabia ni mbingu na ardhi. Kwenye kitabu chake cha 1868 aliandika pia kuhusu mafuvu, akaona ubongo wa sungura wa nyumbani ni mdogo ukilinganisha na mwili wake. Watu wengi wakaichukua hiyo kama ushahidi: si unaona, ni wajinga.

Lakini saizi si story yote. Mwaka wa 2018 wanasayansi walipiga picha za ndani ya ubongo wa sungura wa mwituni na wa nyumbani wakalinganisha. Sehemu ya ubongo inayohusika na woga ilikuwa ndogo kwa wale wa nyumbani. Sehemu ya mbele, yenye husaidia kuutuliza ule woga, ilikuwa kubwa. Mwaka wa 2014 utafiti mwingine wa jeni ulikuwa tayari umeonyesha kwamba hakuna jeni moja ya upole. Ni mabadiliko madogo madogo mengi, hasa kwa jeni zinazohusika na kujenga ubongo na neva.

Tafsiri yake kwa lugha ya mtaa: kwa mamia ya miaka binadamu alikuwa anamchinja au kumpoteza yule anayeruka ruka kwa woga, na anazalisha yule anatulia. Hakuna mtu alikaa chini akapanga. Lakini matokeo ni mnyama ambaye breki ya woga yake imeimarishwa. Kwa hivyo akikuangalia tu bila kukimbia, usiseme hana akili. Hiyo utulivu ni kazi ya vizazi na vizazi. Sungura wa mwituni mwenye "akili" unayotaka angekuwa amegonga kichwa kwa waya hadi afe.

Mwaka wa 1859

Kama unadhani tabia ya kanyama kadogo ni kitu kidogo, uliza Australia.

Meli za kwanza za Waingereza zilifika huko 1788 zikiwa na sungura wachache wa nyumbani. Wengine wakaletwa baadaye, mara nyingi. Miaka sabini ikapita. Hakuna janga. Wengi wa wale waliandikwa kuwa wapole, wa rangi rangi, wengine masikio yamelala. Wakitoroka, hawafiki mbali.

Halafu tajiri mmoja kwa jina Thomas Austin, mwenye shamba la Barwon Park kule Victoria, akataka wanyama wa kuwinda kama kwao Uingereza. Akatumiwa sungura, na 24 wakashuka Melbourne siku ya Krismasi, 1859. Ndani yao kulikuwa na damu ya mwituni. Hao walijua kuchimba na kuogopa. Ndani ya miaka michache walikuwa maelfu, na baadaye wakatapakaa karibu bara lote wakimaliza malisho. Serikali ya Australia Magharibi ikajenga ua wa kuwazuia kati ya 1901 na 1907, jumla ya kilomita zaidi ya 3,000. Sungura wakapita. Mwaka wa 1950 wakaachiliwa ugonjwa wa makusudi, mixomatosisi, ukaua mamilioni. Bado wako. Na utafiti wa jeni uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba mlipuko mkubwa ulitokana na ile shehena moja ya Austin, si zile zote za awali.

Fikiria hapo kidogo. Nchi ileile, spishi ileile. Tofauti kubwa ilikuwa aina ya mnyama aliyeletwa: mpole wa kizimbani au mwoga wa msituni. Woga ndio ulishinda bara. Na kwa bahati, kitabu cha Darwin cha asili ya spishi, chenye kina ile hoja ya upole wa sungura, kilitoka Novemba 1859. Mwezi mmoja tu kabla ya wale 24 kushuka melini.

Simbilisi na hamsta pia wana yao

Simbilisi, wengi hapa kwetu humwita ginipigi, ana historia ndefu kumshinda sungura. Watu wa milima ya Andes, kule Peru, Bolivia na Ekwado, walimfuga maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika. Alilala jikoni, akala mabaki ya mboga, akatumiwa kwa chakula, kwa tiba na kwa ibada. Kwenye kanisa kuu la Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa karne ya 18, na kwa sahani mbele ya Yesu ni simbilisi. Karne ya 16 akapelekwa Ulaya akawa mnyama wa kubembeleza.

Ameishi kwa kundi na ameishi na watu muda wote huo, ndio maana simbilisi anapiga kelele. Akisikia mlango wa friji au karatasi ya mboga, anaita. Akibaki peke yake anafifia. Waswisi wameiweka kwa sheria: tangu 2008 hairuhusiwi kufuga simbilisi mmoja peke yake.

Hamsta ni kinyume. Mwaka wa 1930 mwanazoolojia Israel Aharoni alifukuliwa kiota cha hamsta karibu na Aleppo, Syria, mama na watoto wake. Wachache walionusurika walizalishwa Jerusalem kwa ajili ya maabara, na karibu hamsta wote wa dhahabu wenye unaona kwa nyumba za watu ni vitukuu vyao. Haijafika hata miaka mia moja. Kwao Syria kila mmoja anaishi kwa shimo lake, na mtu mzima hataki jirani. Hakuna historia ya jikoni hapo. Kwa hivyo jirani yangu aliponunulia mtoto wake hamsta wawili kwa duka fulani la wanyama hapa Nairobi, na muuzaji akamwambia "chukua wawili wasiboeke", asubuhi moja mtoto aliamka akakuta mmoja amekufa na mwingine ana damu mdomoni. Mtoto alilia wiki nzima. Kila mtu akasema yule hamsta ni mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa hamsta.

Upole uliogeuzwa kuwa hukumu

Hapa ndipo nataka tukae, maana inatuhusu.

Tukishamfanya mnyama kuwa mpole, tulifanya nini na huo upole? Lavoisier na Laplace, Ufaransa, majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, waliweka simbilisi ndani ya chombo cha barafu wapime joto la mwili wake. Baadaye maabara zikamtumia sana, hadi kwa Kiingereza jina lake likawa maana ya mtu yeyote wa kujaribiwa. Sungura naye, mwaka wa 1944 Mmarekani John Draize alisambaza kipimo cha kutia kemikali kwa jicho la sungura ili kuona kama ni salama kwa watu. Kwa nini sungura? Ni rahisi kupata, macho ni makubwa, na anakaa. Hapigi kelele. Ilichukua mpaka 1980, pale Henry Spira na wenzake walipolipia tangazo kwa gazeti la New York Times, ndipo kampuni za vipodozi zilianza kubanwa zitafute njia zingine.

Unaona mchezo? Utulivu wake tuliutengeneza sisi, halafu tukausoma kama ruhusa.

Na sasa tuje kwa simu zetu. Kuna trendi ya kumlaza sungura mgongo chini, tumbo juu, anatulia tuli kama amehipnotaizwa, mtu anaweka muziki wa polepole, laiki zinaingia. Hiyo si usingizi wala si raha. Ni vile mnyama anayewindwa hufanya akishikwa: anaganda, labda adui ataachilia. Watafiti waliochunguza hali hiyo walipata dalili za hofu. Wasee wa kontenti, tuambiane ukweli: tukiposti hiyo, tunaposti kanyama kanakodhani kanaliwa.

Siongei kama mtakatifu wa nyama. Ukifuga sungura ule, kula. Watoto wengi wa shule, hata kwa vilabu vya 4-K, wamejifunza kuweka akiba na kulipa vitu vidogo kwa sababu ya sungura. Ninachopinga ni uvivu wa kusema "hana tabia" ndio usijisumbue kuangalia kama anaumia.

Tabia yenye huoni

Juu kwetu niko na watatu wa kike, mama mmoja na dada zake wawili, wamekula nyasi moja na kunywa maji ya mtungi mmoja. Mdosi anasugua kidevu kwa kila kitu: kona ya kizimba, kiatu changu, sufuria mpya. Chini ya kidevu kuna tezi za harufu, kwa hivyo anapiga muhuri: hii ni yangu. Shiku akinguruma na kurusha mikono ya mbele, ni kwa sababu nimeingiza mkono bila hodi. Kimya hutulia hadi jioni, halafu anaruka juu, anajipinda hewani, anatua akiangalia upande mwingine. Hiyo ni furaha, na nikiiona najua siku yake ilikuwa sawa. Paka wa jirani akipita ukutani, Kimya ndiye hupiga mguu wa nyuma chini, pam, na wenzake wote wanaganda. Ndiye askari, na yeye ndiye mdogo kwa wote.

Mama sungura pia tunamsingizia. Humnyonyesha mtoto mara moja tu kwa siku, dakika chache, halafu anatoka. Watu husema hajali. Ukweli ni kwamba kwao porini, mama akikaa kaa kwa kiota, harufu yake ingemwonyesha adui njia. Mapenzi yake ni kukaa mbali. Na watafiti wa Hungary walionyesha kwamba vitoto vikishikwa na watu kwa upole wiki ya kwanza, hasa karibu na wakati wa kunyonya, hukua bila kuogopa binadamu sana. Maanake hata baada ya Warumi, mabwana na maabara, bado kuna sehemu ya tabia yake inaandikwa na mkono wako.

Kwa hivyo kama uko na sungura, au unapanga kununua kwa sababu ya picha ya Pasaka, fanya hivi. Mtafutie mwenzake, lakini dume na jike wakikaa pamoja jua hesabu ya watoto itakushinda. Hamsta, mmoja kwa kizimba. Simbilisi, wawili au zaidi. Sungura mpe nyasi nyingi, karoti kidogo tu. Mpe boksi la kujificha, kwa sababu mnyama mwenye ana mahali pa kukimbilia ndiye huthubutu kutoka nje. Usimshike kutoka juu kama mwewe. Keti chini kwa sakafu, nyamaza, usimguse, dakika ishirini kila siku kwa wiki mbili. Atakuja mwenyewe.

Akikuja, atakunusa, na labda atakupiga muhuri wa kidevu kwa goti. Wengine wao hawatakuja kabisa, na hiyo pia ni tabia. Iheshimu.